Kurasa Zilizokosekana kwenye Kamusi ya Madamu

Hasira zake zilifika darasani kabla yake. Tulizisikia kwenye viatu, visigino vigumu vikigonga saruji ya varanda, na tukajua mapema siku itakuwaje: vikigonga haraka, tutaumia wote, vikigonga polepole, kuna mmoja ameshachaguliwa. Kazi yangu imenikutanisha na watu wengi wenye hasira. Mimi ni afisa ugani. Nimesimama kwenye mashamba ya watu nikawaambia waikate migomba yote kwa sababu mnyauko umeingia, na kuna walioniinulia panga. Lakini sijaona mtu anayebeba hasira kama alivyoibeba Madamu, kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba trei ya mayai kwenye njia ya makorongo.

Tulimwita Madamu, basi. Walimu wengine wa kike waliongezewa jina mbele. Yeye hakuongezewa kitu. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, sijui, na sikuwahi kukutana na mtu aliyejua. Aliyethubutu kumuuliza alijibiwa, "Hilo litakuja kwenye mtihani?"

Alifundisha Kiingereza katika sekondari moja nje kidogo ya Nyakahura. Mimi nilitoka Murukulazo, upande wa Ngara, nikakaa kwa shangazi yangu ili nisome pale. Nyumbani tulizungumza Kihangaza. Nyakahura nikakuta Kisubi, na siku za gulio Kisukuma cha wenye ng'ombe. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha soko na cha ofisi, na kwa miaka saba ya msingi ndicho nilichojifunzia kila kitu: hesabu, sayansi, ramani ya Afrika. Kisha Jumatatu moja ya kidato cha kwanza tukaambiwa kwamba kuanzia leo yote hayo ni kwa Kiingereza. Hakuna aliyetueleza kwa nini. Aliyepewa kazi ya kutuhamisha, watoto zaidi ya sitini katika chumba kimoja, alikuwa Madamu peke yake, na kamusi moja isiyo na jalada. Nikilikumbuka hilo leo, hasira yangu haijui ianzie kwake au kwa waliomtuma.

Alituita kwa kata zetu. Wewe wa Murukulazo. Wewe wa Nyarubungo. Wa Nyakahura walikuwa wengi, kwa hiyo akawaongezea alama: wewe wa Nyakahura mwenye meno, wewe wa Nyakahura mfupi. Kuna waliosoma naye miaka minne wakamaliza bila kusikia jina lao likitoka kinywani mwake.

Miezi ya njaa, kabla mahindi mapya hayajakomaa, alipika uji nyumbani kwake kwenye nyumba za walimu, akalibeba sufuria mwenyewe na kuliweka mlangoni mwa darasa. Tulikunywa kwa zamu, tumesimama. Hakusema karibuni. Alisema, "Drink. Quickly," yaani kunyweni haraka, na ukimshukuru kwa Kiswahili alikunyang'anya kikombe, akampa wa nyuma yako. Nimekunywa uji wa watu wengi wema maishani, lakini sijawahi kunywa uji uliotolewa kwa ukali namna ile. Na ulikuwa mzito, wenye sukari ya kutosha.

Kwa msichana aliyetakiwa kuozwa, hakuwa na mzaha. Mzee mmoja wa Nyarubungo alinisimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye, jinsi Madamu alivyofika kwake kwa baiskeli asubuhi, akakaa kwenye kigoda cha mwenye nyumba katikati ya ua, akanyamaza. Walimletea maji, hakunywa. Walimuuliza shida yake, hakujibu. Alikaa hapo hadi jua likaanza kushuka. Mwishowe mzee akamwambia binti yake, "Vaa hayo magwanda yako ya shule umwondoe huyu mwanamke hapa kwangu." Akawaondoa ng'ombe wa watu zizini, akawarudisha walikotoka. Binti yule ni muuguzi leo. Madamu alifanya hivyo kwa wasichana wawili ninaowafahamu.

Kwa Adela hakwenda.

Adela alikuwa rafiki yangu. Tuliketi dawati moja tangu siku ya kwanza. Mimi nikimnong'oneza majibu ya hesabu, yeye akininong'oneza ya baiolojia. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, na juu yake ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe, kwa Kiingereza, kwamba aliyekivaa ni punda. Ukisikika unazungumza lugha nyingine yoyote, unavikwa, na huvui hadi umnase mwenzako. Si Madamu aliyebuni adhabu ile, shule nyingi zilikuwa nayo. Lakini cha kwetu alikichonga yeye, na kila muhula alikipaka rangi upya ili maandishi yasififie.

Ijumaa moja bibi yake Adela alikuja hadi kwenye uzio wa shule kumwambia kwamba mama yake amezidiwa na amepelekwa hospitali. Bibi yule hakujua hata Kiswahili sawasawa. Adela akamuuliza kwa Kisubi: hospitali ipi, yuko na nani, amepelekwa kwa nini. Kiranja akasikia. Adela akavikwa kibao machozi yakimtoka, na kwa kuwa kengele ya kwenda nyumbani ililia kabla hajamnasa mtu, sheria ilimtaka alale nacho hadi Jumatatu.

Jumamosi ilikuwa gulio. Adela alikuja na ndizi za kuuza, kibao amekificha chini ya kanga. Mimi nilikuwa karibu naye, nilishuhudia. Madamu alipita akinunua chumvi, akaiona kamba shingoni. Akasimama.

"Toa nje," akasema kwa Kiingereza.

Adela akakitoa. Wanaojua kusoma wakakisoma kwa sauti, wakawatafsiria wasiojua, na kicheko kikatembea kutoka kwenye ndizi hadi kwenye dagaa hadi kwenye mitumba. Baba yake alikuwa upande wa mnada wa ng'ombe. Kicheko kilimfikia pamoja na maelezo. Alikuja, akaikata kamba kwa panga lililokuwa mkononi mwake, akakipasua kibao vipande viwili juu ya jiwe, akamwambia Madamu, "Binti yangu si punda. Na kwako harudi." Madamu akachukua chumvi yake akaondoka. Jumatatu dawati letu lilikuwa na mtu mmoja. Kabla ya mwaka kwisha Adela alikuwa ameolewa.

Kibao kipya kilikuwa tayari Jumatano.

Nimeeleza hayo ili ieleweke nilivyojisikia, miaka kumi na minne baadaye, nilipoiegesha pikipiki yangu mbele ya nyumba yake Nyarubungo na kusema, "Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Wewe wa Murukulazo," akasema, bila kunitazama vizuri. "Unataka nini?"

Nilitaka maneno. Chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa tayari kunipokea nisome shahada ya pili juu ya magonjwa ya migomba, kwa sharti moja: nifanye mtihani wa hesabu na Kiingereza kwenye kompyuta na nipate alama wanazozitaka. Hesabu zake hazikunitisha. Kilichonitisha ni sehemu ya msamiati. Unapewa sentensi yenye pengo na maneno matano, na katika hayo matano hakuna hata moja uliloliona maishani. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu kwa Kiingereza, naandika ripoti kwa Kiingereza, na bado maneno yale yalinitazama kama wageni waliokaa sebuleni kwangu bila kujitambulisha. Wilaya nzima nilijua mtu mmoja tu anayeyafahamu. Nikamwendea.

Alikuwa amestaafu. Alikuwa na ng'ombe wawili, shamba la mihogo, na redio aliyoisikilizia taarifa za Kiingereza sikio limegusa spika, akiwakaripia watangazaji. "Kiambishi kiko wapi?" aliiuliza redio. "Kimekwenda wapi?" Ng'ombe aliwasemesha Kisubi. Aliwaita kwa Kisubi, akawabembeleza kwa Kisubi, akawatukana kwa Kisubi kizuri kuliko nilichowahi kukisikia sokoni. Nilisimama nyuma ya zizi nikimsikiliza damu ikinichemka.

"Madamu," nikamuuliza, "hao mbona huwavishi kibao?"

"Ng'ombe hawafanyi mtihani," akasema.

Tulianza Jumamosi iliyofuata, na tukaendelea karibu miezi saba. Alikataa malipo kwa hasira ile ile aliyogawia uji. Mbinu yake sijaikuta kwenye kitabu chochote. Neno lilipotoka kwenye kamusi, hakutaka nimweleze maana. "Usiniambie ni nini. Niambie ni nani." Kila neno lilipaswa kuwa mtu tunayemfahamu sote wawili. *Garrulous*, asiyefunga mdomo, akawa muuza dagaa wa Nyakahura ambaye ukimuuliza bei anakuanzishia habari za mkwe wake. *Laconic*, mwenye maneno machache, akawa mlinzi wa parokia, ambaye siku kanisa lilipoezuliwa na upepo alimwamsha padri kwa kusema "Paa." *Ostentatious*, mpenda kujionyesha, alikuwa diwani mmoja wa zamani aliyevaa koti la suti mashambani. Hivyo ndivyo tulivyoijaza kamusi majirani. Hadi leo siwezi kupita sokoni bila kuona msamiati umekaa kwenye vigoda ukiuza nyanya.

Siku tulipofika kwenye *obdurate*, mwenye moyo mgumu asiyegeuka, alingoja.

"Ni nani?"

"Ni wewe, Madamu."

Pembe ya mdomo wake ilisogea kidogo. "Inafaa," akasema.

Ningeweza kusema kwamba nilianza kumpenda, na ingekuwa nusu ya kweli. Nusu nyingine iliamka kila nilipokuwa narudi, maana njia yangu ilipita karibu na kwa Adela. Mara nyingine nilimkuta barabarani na kuni kichwani na mtoto mgongoni. Alikuwa na watoto watano. Alinipungia mkono, nami nikampungia, mkoba wangu umejaa maneno.

Ndipo Jumamosi moja tukafika kwenye *contrite*. Maana yake ni mtu anayejutia kosa lake kwa dhati, moyo umepondeka. Madamu aliniambia nitunge sentensi. Nilikuwa nimeitunga tangu nikiwa na miaka kumi na minne, nilikosa tu hilo neno. Nikasema kwa Kiingereza, polepole, kila silabi mahali pake: Madamu alimwaibisha Adela kwa kibao sokoni, na hadi leo hajajutia.

Aliweka kalamu chini. Nje ng'ombe mmoja alilia. Nilingoja anifukuze, au alie, au aseme kwamba nyakati zile mambo yalikuwa hivyo. Nilikuwa na majibu ya yote matatu.

"Sentensi ni sahihi," akasema. "Neno linalofuata."

Nilisoma neno linalofuata. Sijui hata lilikuwa lipi. Nilichojifunza siku ile ni kwamba unaweza kumchukia mtu kwa moyo wako wote na bado ukainamisha kichwa ukaandika anachokuambia, kwa sababu unakihitaji.

Mtihani niliufanyia Mwanza. Chumba cha baridi, kompyuta, vipokea sauti masikioni ambavyo havikuwa na kazi, na vijana wa mjini waliobofya haraka kama wanaokaanga bisi. Katika sehemu ya msamiati nilikutana na sentensi kuhusu joto la mchana na jinsi lilivyowafanya wafanyakazi washindwe hata kusimama. Kati ya maneno ya kujaza pengo lilikuwemo *enervate*. Nililifahamu. Madamu alilifundisha darasani, na akalirudia kwangu kwa mkazo: ni kutia nguvu, linatoka nyumba moja na *energy*. Alinipa na mtu wake, mwalimu wa michezo aliyekuwa akituchangamsha kwa filimbi. Joto haliwezi kumtia mtu nguvu, nikaliacha, nikabofya lingine. Yakaja mengine mawili matatu ya namna hiyo, yote yakianza na herufi hiyo hiyo, yote nikiwa nayajua vizuri.

Alama zilipotoka zilikuwa pungufu kidogo. Kidogo sana, na hicho ndicho kilichoniuma. Nikiwa nimekaa stendi nikingoja basi la kurudi, nikayatafuta kwenye simu maneno yaliyokuwa yakinizunguka kichwani. *Enervate*: kumnyong'onyeza mtu, kummaliza nguvu. Nikasoma mara ya pili. Nikatafuta mengine. Yote ya herufi ile, yote kinyume au kando ya alivyonifundisha. Abiria aliyekaa jirani aliniuliza kama nimefiwa.

Sikungoja Jumamosi. Nilifika Nyarubungo siku ya kazi na vumbi langu.

"Madamu, *enervate* ni nini?"

"Kutia nguvu."

"Si kweli."

Alisimama. "Nani amekuambia?"

"Kamusi."

"Kamusi gani?"

"Ya kwenye simu."

"Simu!" akasema, kwa dharau ambayo mtu mwingine angeitumia kwa mbwa aliyeingia kanisani. "Umeniletea simu?"

Nilifanya jambo ambalo mwanafunzi wake hata mmoja hakuwahi kulifanya. Nilinyoosha mkono juu ya meza, nikaichukua kamusi yake, nikaifungua kwenye herufi E. Ukurasa mmoja uliishia kwenye maneno ya mwanzo mwanzo. Uliofuata ulikuwa umeruka hadi karibu na mwisho. Katikati palikuwa na mabaki ya karatasi na njia nyembamba za mchwa. Kurasa hazikuwepo. Hazikuwepo tangu lini? Tangu kabla yangu. Tangu kabla ya Adela. Alikuwa akikisia. Kwa maneno yote ya katikati pale, Madamu alikuwa akisikiliza sauti ya neno, anakisia maana, kisha anatuchapa tukikosea alichokikisia.

"Ulikuwa unakisia," nikamwambia. "Miaka yote hiyo. Ulishindwa kusema sijui? Neno moja tu, Madamu. Hata kwa Kiingereza ni fupi."

Aliinyakua kamusi, akaibana kifuani kwa mikono yote miwili.

"Toka," akasema.

Nilitoka. Nilipokuwa nawasha pikipiki nilisema kwa Kihangaza maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia, nikayasema kwa sauti, ili ayasikie.

Wiki tatu zilipita. Kisha kondakta wa Hiace akanipigia simu kwamba kuna mzigo wangu kutoka kwa mama mmoja mkali, na kwamba ameapishwa asiukunje. Lilikuwa daftari kubwa. Ndani, kwa mwandiko wake ulionyooka kama mistari ya shamba la tumbaku, Madamu alikuwa amenakili kurasa zote zilizokosekana, neno kwa neno, mfano kwa mfano. Nilikuja kusikia baadaye kwamba alikuwa akienda Biharamulo mjini kila asubuhi, kwenye nyumba ya mapadri, waliokuwa na kamusi nzima, akakaa kwenye benchi la nje akinakili hadi basi la mwisho. Padri mmoja alimwambia amwache amtolee nakala kwa mashine, itachukua dakika chache. Alimjibu kwamba mashine haitajifunza kitu.

Hapakuwa na barua. Hapakuwa na samahani. Nilipekua daftari lote nikiitafuta. Pembeni mwa neno *enervate* tu ndipo alipoongeza kitu chake, kwa wino mwekundu aliokuwa akisahihishia: si mwalimu wa michezo. Halafu, kwa herufi ndogo, akataja jina la mtu mwingine badala yake. Lilikuwa jina lake mwenyewe, lile la ubatizo, ambalo sikuwa nimewahi kulijua; mapadri wa Biharamulo ndio walionithibitishia. Sitaliandika hapa.

Daftari lile nilililia na nikalisoma, na mtihani wa pili nikaufaulu. Lakini hasira haikuisha, na sitaki kudanganya kwamba iliisha. Mimi nilipata daftari. Wale sitini na zaidi wa darasa letu, na wa madarasa yaliyotutangulia na kutufuata, ni nani aliwatumia daftari kwa Hiace? Wako wapi sasa na maneno yao ya kukisia? Na kuna hili pia, ambalo lilinichoma zaidi nilipofika ng'ambo: kwa miaka miwili niliyokaa kule, kwenye maabara na maktaba, na kwenye foleni ya chakula, sikumsikia binadamu hata mmoja akisema *enervate*. Waliposikia uchovu walisema wamechoka.

Nilirudi. Shule ikaniita niwe mgeni rasmi kwenye mahafali ya kidato cha nne, na hapo ndipo nilipoonana na Madamu mara ya mwisho kufikia leo.

Turubai zilikuwa zimefungwa kati ya miti. Wazazi walikuwa wamekuja kwa miguu kutoka mbali, wengine na viatu mkononi ili visichafuke kabla ya kufika. Msichana mmoja alisoma risala kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayepita juu ya gogo lenye utelezi. Wazazi walipiga makofi kila aliponyamaza, wasijue amesema nini. Ilipofika zamu yangu nilizungumza Kiswahili. Niliwaambia kwamba kutojua Kiingereza si ujinga. Niliwaambia kwamba kule nilikokwenda maprofesa waliniuliza mambo ya migomba niliyofundishwa na mama yangu Murukulazo, kwa Kihangaza, tukiwa na jembe mkononi. Nikasema mtoto asidhalilishwe tena kwa sababu ya lugha ya bibi yake. Vigelegele vikapanda. Nilikuwa najisikia vizuri, nakiri.

Nyuma kabisa, mtu akasimama. Alikuwa amekonda, amejishikiza kwenye nguzo ya turubai.

"Sema Kiingereza!"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa kikongwe.

"Sema Kiingereza, wewe wa Murukulazo! Wakusikie!"

"Shikamoo, Madamu," nikasema kwenye kipaza sauti. "Leo nazungumza na wazazi."

Hakuitikia. Aligeuka akatoka. Niliyamaliza maneno yangu nusu nusu, nikamkabidhi mkuu wa shule kipaza sauti, nikamfuata. Nilimkuta ameshafika barabarani, anatembea kwa mwendo ule ule wa visigino, ila sasa alivaa kandambili na hazikutoa mlio.

"Madamu, kwa nini umenikatiza mbele za watu?"

"Umewadanganya watoto."

"Nimewadanganya nini?"

"Kwamba hakihitajiki." Alisimama, akapumua. "Nani aliyekufanya mgeni rasmi leo? Kihangaza?"

"Sikusema hakihitajiki. Nimesema kisiwaumize."

"Wamesikia hakihitajiki. Nimewatazama nyuso zao wakati unasema. Umeshavuka mto wewe, umekaa ng'ambo unakausha miguu, unawapigia kelele walio huku kwamba mtumbwi si kitu."

"Mtumbwi uliwamwaga watu, Madamu! Na kasia ulikuwa nalo wewe."

"Nilikuwa nalo!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti namna ile, sauti yake ilipasuka katikati. "Nilikuwa nalo, na mtumbwi walionipa ulikuwa na tundu, na nyinyi mlikuwa sitini. Ulitaka nikae ukingoni niwaangalie? Sema. Ulitaka nifanye nini?"

Nilikuwa na majibu mengi: ungesema hujui, ungetuacha tuongee na bibi zetu, ungewatafuta waliozama. Yote yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu la alichoniuliza. Alisubiri, kama alivyozoea kumsubiri mwanafunzi, kisha akaona sina, akageuka akaendelea na njia ya Nyarubungo. Sikumwita. Nilibaki barabarani na hasira, nusu zangu, nusu zake.

Niliporudi, sherehe ilikuwa imefika kwenye chakula. Yule msichana aliyesoma risala alinijia na soda kwenye kisahani. Alikuwa amejiandaa, niliona midomo yake ikirudia sentensi kabla ya kunifikia. Akasema kwa Kiingereza kwamba wameniandalia soda. Akakosea kitenzi.

Nilimsahihisha. Lilinitoka kabla sijafikiri, kavu, mbele ya wenzake. Mgongo wake ukanyooka ghafla kama yetu ilivyokuwa ikinyooka. Akairudia sentensi yote tangu mwanzo, safari hii sawasawa, macho yake yakiwa kwenye viatu vyangu.

Nikaipokea soda. Nikavuta kiti cha jirani, nikakipangusa vumbi kwa kiganja, nikamwambia aketi.